Mjomba, hataza imekataliwa: niuze?

Saa nne na nusu za usiku, nishazima taa ya ukumbini, simu ikalia. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeko Doha mwaka wa tano sasa. Kwa kawaida hupiga Ijumaa mchana akiwa mapumzikoni, kwa hiyo nilipoliona jina lake saa ile moyo ulinienda mbio.

"Shikamoo mjomba. Umelala?"

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Ile kampuni niliyokwambia. Hataza yake imekataliwa huko Marekani. Hisa zimeanguka karibu robo tangu soko lifunguliwe. Niuze ama ningoje?"

Wengi wenu mnaosoma hapa mna watoto Doha, Muscat na Jeddah, basi mnajua pesa za huko zinavyopatikana. Alizonunulia hisa zile zilikuwa pesa za kuezekea nyumba yake Kisauni. Siku hizi mtu akiwa na simu tu ananunua hisa za New York akiwa kitandani, na rafiki yake wa kazini alikuwa amemwambia kwamba kampuni hii ndogo ina hataza ya jambo ambalo makampuni makubwa ya simu yote yanalitumia, kwamba imeyashtaki, na siku itakaposhinda hisa zitapanda mara kumi. Kampuni yenyewe siitaji. Haina kiwanda wala duka. Mali yake ni ile hataza na mawakili wake.

Mimi si wakili, wala si mshauri wa hisa. Nilikuwa karani katika afisi ya mawakili hapa Mombasa kwa miaka mingi, na kati ya makaratasi yaliyopita mikononi mwangu yalikuwemo ya hataza na ya alama za biashara. Nilimwambia asiguse kitu usiku ule, anitumie hiyo barua iliyotoka, tuisome kwanza. Tangu hapo watu wawili watatu barazani wameniuliza jambo lilo hilo, nikaona heri niliandike mara moja.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, kwa muda maalumu, ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza alichovumbua bila ruhusa yake. Muda wenyewe, kwetu Kenya na Marekani pia, kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ombi lilipopelekwa. Watu wengi huishia hapo: kampuni ina hataza, basi ina mali. Lakini ndani ya waraka ule mna sehemu moja tu yenye pesa, nayo ni orodha ya madai. Kurasa za michoro na maelezo ni za kumsaidia msomaji aelewe. Dai ndilo linalosema mwenye hataza anamiliki nini hasa. Madai huandikwa kwa nambari, na kila moja huhesabiwa peke yake, kwa hiyo dai la 1 laweza kufa na la 8 likaishi.

Fikiria hati ya shamba. Shamba kuwa na minazi na kisima kizuri si hoja kortini. Kinachobishaniwa ni mpaka unapita wapi na bikoni iko wapi. Madai ndiyo bikoni za hataza. Na sisi watu wa Pwani tunajua kuliko wengi kwamba kuwa na hati mkononi si mwisho wa maneno. Anaweza kutokea mtu na karatasi ya zamani kuliko yako.

Hilo ndilo jambo linaloitwa kuchunguzwa upya. Tangu ilipotungwa sheria ya 1980, Marekani inamruhusu mtu yeyote, awe mshindani, awe raia tu, awe hata mwenye hataza mwenyewe, kuiendea Afisi ya Hataza na Alama za Biashara na kuiambia: mlipotoa hataza hii kuna maandishi ya zamani hamkuyapima, tazameni tena. Analipa ada na kuambatisha maandishi hayo. Afisi ikiona limezuka swali jipya lenye uzito, inafungua faili. Hapo mwenye hataza hawezi tena kusema "nilishapewa". Kila dai linaloguswa litatoka kwa njia moja kati ya tatu: litathibitishwa kama lilivyo, litabanwa kwa kuongezewa maneno ya kulipunguza, au litafutwa. Kupanuliwa haliwezi, sheria imekataza.

Hesabu za afisi yenyewe kwa miaka mingi zilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya hataza zinazopitia njia hii hutoka madai yake yakiwa yamebadilishwa. Zilizofutwa madai yote zilikuwa kama asilimia 12, na zilizotoka bila kuguswa kama moja katika kila tano. Kwa hiyo anayeuliza "hataza imepona au imekufa?" kwa kawaida anauliza swali lisilo na jibu. Mara nyingi imepona, lakini haina tena kimo chake cha jana.

Kisa kinacholionyesha jambo hili vizuri ni cha mchele. Tarehe 2 Septemba 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas ilipewa hataza yenye madai 20 juu ya mpunga na punje za basmati. Ndiyo, basmati huu huu tunaoupikia biriani. Na pishori ya Mwea tunayoisifu ni ukoo huo huo, mbegu yake yaitwa Basmati 370. Baadhi ya madai ya RiceTec yalihusu mimea inayooteshwa katika bara la Amerika, lakini dai la 15 hadi la 17 yaliishika punje yenyewe na sifa zake. India, iliyokuwa na biashara kubwa ya kuuza basmati nje, ikaona hapo pana hatari: punje iliyolimwa Punjab ikifika bandari ya Marekani yaweza kuambiwa imeingia shamba la mtu.

Aprili 2000 India iliomba uchunguzi upya, na iliomba kwa madai hayo matatu tu. RiceTec haikupigana. Iliyaondoa yote matatu, na la 4 ikaliondoa kwa hiari yake. Lakini faili lilikuwa limeshafunguliwa, na afisi ikaendelea kuyapima yaliyosalia. Mwisho wa safari, madai 15 kati ya 20 yalikuwa yamekwenda. Matano yaliyobaki yalihusu mbegu tatu ambazo RiceTec ilizizalisha yenyewe, Bas 867, RT1117 na RT1121. Hata kichwa cha hataza kilibadilishwa, neno basmati likatolewa, yakawekwa majina ya mbegu hizo.

Sasa, angeulizwa mtu wa RiceTec mwaka 2002 kama kampuni ina hataza, angejibu ndiyo, na hangekuwa amesema uongo. Nambari ilikuwa ile ile. Lakini kutoka kudai punje nzima ya basmati hadi kudai mbegu tatu ni kama kutoka kumiliki Nyali hadi kumiliki ploti tatu Nyali. RiceTec ilikuwa mali ya familia ya kifalme ya Liechtenstein, hisa zake hazikuwa zikiuzwa sokoni, ndiyo maana hakuna aliyeona bei ikiporomoka ubaoni. Ingekuwa kampuni ya hadhara, mwekezaji aliyesoma kichwa cha habari tu angedhani hakuna kilichopotea.

Kabla ya mchele ilikuwa manjano. Machi 1995 kituo cha matibabu cha Chuo Kikuu cha Mississippi kilipewa hataza ya kutumia unga wa manjano kuponyeshea jeraha. Bibi yangu angecheka. Lakini kicheko cha bibi si ushahidi: katika uchunguzi upya kinachopokewa ni hataza za zamani na maandishi yaliyochapishwa, basi. Baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India lilipeleka maandishi, yakiwemo ya Kisanskriti na makala ya 1953 ya jarida la chama cha madaktari wa India, na mwaka 1997 madai yakafutwa. Wahindi walikuwa na karatasi. Sisi tukiulizwa juu ya mwarubaini wetu na dawa za waganga wetu wa Lamu na Vanga, tutapeleka kitabu gani? Hilo lataka makala yake, lakini nimeona nisilipite kimya.

Nirudi kwa mpwa wangu. Barua aliyonitumia ilikuwa na kurasa arubaini na kitu, na kweli neno "imekataliwa" lilikuwemo, tena mara nyingi. Ila ilikuwa barua ya kwanza. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, kwa hiyo nitaenda polepole.

Mkaguzi akifungua faili, huanza kwa kuandika barua ya kueleza madai gani anaona hayasimami na kwa nini. Mara nyingi barua hiyo ya kwanza huwa kali, kwani mkaguzi amemsikia mlalamishi tu. Mwenye hataza hupewa muda wa kujibu, kwa kawaida miezi miwili. Huleta wataalamu wake, hueleza, hubana maneno. Kisha hutoka barua nyingine, na hii ikiwa ya kukataa huitwa ya mwisho, jina ambalo limewatia hasara watu wengi kwani si ya mwisho hata kidogo. Baada yake kuna rufaa kwa bodi ya majaji ndani ya afisi, na baada ya bodi kuna korti ya rufaa ya Washington. Yakiisha hayo yote ndipo afisi hutoa cheti, na cheti ndicho kinachobadilisha hataza. Mpaka siku ya cheti, kila dai lingali hai kisheria, hata lililokataliwa mara mbili.

Tazameni TiVo, kampuni ya California iliyotengeneza masanduku ya kurekodia televisheni. Ilishtaki EchoStar mwaka 2004 kwa hataza yake moja. Wapinzani wakaipeleka hataza ile ikachunguzwe upya. Uchunguzi wa kwanza uliisha 2007 TiVo ikathibitishiwa. Ukaombwa wa pili. Mwaka 2010 mkaguzi alitoa ile barua iitwayo ya mwisho, akayakataa madai mawili, la 31 na la 61, ambayo ndiyo yaliyoibeba kesi. Kabla ya mwaka kwisha, afisi hiyo hiyo ikayathibitisha. Mei 2011 upande wa pili ulikubali kulipa dola milioni 500. Aliyeuza hisa zake siku ya barua aliikimbia karatasi ambayo miezi michache baadaye haikuwa na nguvu yoyote. Na hataza iliyopita tanuri mara mbili ikatoka nzima huwa ngumu zaidi kwa adui kuivunja, kwa sababu maandishi yake makali kabisa yameshapimwa.

Msifurahi mapema lakini. Baxter walikuwa na hataza ya mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, yenye skrini ya kugusa. Walibishana na Fresenius kortini miaka mingi, wakashinda, hukumu ikaandikwa ya zaidi ya dola milioni 20. Ilipokuwa kesi ingali na vipengele vinavyoendelea, uchunguzi upya ukafika mwisho na madai yale yale yakafutwa kwa cheti. Julai 2013 korti ya rufaa ikasema: madai hayako tena, kesi haijafungwa, basi hakuna cha kulipwa. Hukumu iliyokwisha andikwa ikawa karatasi tupu. Mwenye hisa aliyekuwa ameshazihesabu zile dola katika thamani ya kampuni alihesabu kuku ndani ya mayai.

Na kuna BlackBerry, ile simu ambayo miaka fulani kila mkubwa Nairobi alikuwa nayo kiunoni. NTP ya Virginia, kampuni isiyotengeneza kitu, iliishtaki RIM ya Kanada, na mwaka 2002 wazee wa baraza wakaipa NTP ushindi. RIM ikategemea uchunguzi upya, na ulikuwa ukiiendea vizuri, kwani mkaguzi alikuwa akiyakataa madai ya NTP mmoja mmoja. Lakini jaji wa Richmond alikataa kungoja. Alikuwa tayari kuamua kama huduma ya BlackBerry ikatwe Marekani. Tarehe 3 Machi 2006 RIM ililipa dola milioni 612.5, yaishe. Uchunguzi uliendelea miaka baada ya hapo, na madai mengine ya NTP yakaanguka kweli. Pesa hazikurudi.

Ukiviweka visa hivi vitatu pamoja utaona kwamba kuna saa mbili zinazopiga kwa wakati mmoja, ya korti na ya afisi ya hataza, na mara nyingi swali si nani ana haki bali saa ipi itagonga kwanza. Jaji akikubali kusimamisha kesi mpaka uchunguzi uishe, kampuni ndogo inaweza kukaa miaka bila mapato huku mawakili wanadai chao. Tangu Septemba 2012 kuna pia njia mpya, ya mabishano mbele ya bodi ya majaji wa afisi yenyewe, ambayo ikishakubaliwa kuanza hutakiwa iamuliwe kwa muda wa mwaka mmoja. Makampuni makubwa yanaipenda mno. Ile ya zamani ya 1980 ingaliko.

Kuna hasara nyingine isiyopigiwa kelele, na ndiyo iliyonishangaza mimi nilipoanza kuyasoma mambo haya. Dai likibanwa, yaani likiongezewa maneno yanayobadilisha maana yake, yule aliyekuwa akilivunja kabla ya cheti hadaiwi fidia ya siku za nyuma. Sheria ya Marekani kwa kawaida inaruhusu kudai fidia ya miaka 6 iliyopita. Dai likibadilishwa, hesabu inaanza upya siku ya cheti. Sasa kampuni itatoa taarifa kwa furaha kwamba hataza yake imetoka salama na ina madai mapya, bei itapanda asubuhi ile, na msomaji wa haraka hatajua kwamba miaka 6 ya fidia imetupwa baharini. Hataza ya Amazon ya kununua kwa kubonyeza mara moja ilipita njia ya kubanwa. Mwigizaji mmoja wa New Zealand aliomba ichunguzwe upya, 2007 mkaguzi akakataa madai mengi, na 2010 ikathibitishwa baada ya Amazon kuongeza maneno ya kuyafunga madai hayo kwenye kikapu cha ununuzi. Kwa Amazon haikuwa kitu, ina mali nyingine tele. Kwa kampuni yenye hataza moja, badiliko kama hilo ndilo kufa na kupona.

Basi usiku wa pili mimi na mpwa wangu tulikaa kwenye simu, yeye na barua yake, mimi na miwani yangu. Nilimuuliza ni madai gani yako kortini. Hakujua, tukayatafuta kwenye taarifa za kampuni: ni matatu. Barua ilikuwa imekataa madai 11 kati ya 19, na mawili kati ya yale matatu yalikuwemo. La tatu halikuguswa. Nikamuuliza hataza imebakiza miaka mingapi. Minne. Hiyo haikunipendeza, kwa sababu rufaa peke yake yaweza kula miwili au mitatu, na hata ikishinda itakuwa inashinda kwa ajili ya jana. Nikamuuliza kampuni ina pesa za kuwalipa mawakili kwa muda gani. Taarifa ilisema mwaka mmoja hivi. Maana yake, kabla ya jibu kupatikana itatoa hisa mpya iuze, na kipande chake yeye kitakuwa kidogo hata kama bei haikushuka.

"Kwa hiyo mjomba, ile barua si mbaya?"

Nikamwambia barua si mbaya sana. Kilichokuwa kibaya kilikuwepo tangu siku aliponunua, ni vile hakuna aliyekuwa amemwambia.

Aliuza nusu Jumatatu yake, kwa hasara ya zaidi ya shilingi laki moja, na nusu akaibakisha. Sikumwambia auze wala asiuze, na mama yake mpaka leo anadhani nilimwambia. Mabati ya vyumba vya nyuma yamenunuliwa, ukumbi ungali wazi. Jana usiku alinitumia ujumbe: kampuni imejibu, kurasa 60, imeyabana madai manne. Nimeanza kuzisoma. La tatu lile halimo katika yaliyobanwa, na bado natafuta yale mawili.